Jinsi ya kuchagua antena kwenye mfumo wa MIMO ukiwa na antena nyingi na cheni chache

Ukianza kuunda mfumo wa redio wenye antena nyingi upande wa kurusha na wa kupokea, yaani MIMO, haichukui muda utakutana na hili swali: antena ninazo nane, cheni za redio ninazo mbili, sasa nafanyaje? Antena yenyewe ni mstari wa shaba kwenye bodi au kipande cha waya kilichokatwa kwa kipimo, haili umeme wala haihitaji programu. Gharama iko nyuma yake. Kuna amplifaya ya kelele ndogo, miksa, filta, kigeuzi cha analogi kwenda dijitali, na upande wa kurusha kuna amplifaya ya nguvu, na hivyo vyote kwa pamoja ndo tunaita cheni ya redio. Kila cheni unayoongeza inakula umeme, inatoa joto, inachukua nafasi kwenye bodi na inaleta data nyingine ya kuchakata. Kwa hiyo kuchagua antena ni kuweka antena nyingi, cheni chache na swichi katikati yake, alafu kila wakati unaunganisha zile antena ambazo kwa dakika hiyo chaneli yake (njia ya mawimbi kutoka upande wa pili) inakufaa.

Nitaandika kwa mtu ambaye MIMO anaijua kidogo na matriksi hazimtishi. Na niseme mapema ninachokiamini, mana ndo kitaongoza kila kitu huko chini: watu wengi wanakimbilia algorithimu, wakati matatizo makubwa ya uchaguzi wa antena yako kwenye vitu vitatu vingine kabisa, yaani kutokujua unatafuta nini, upotevu wa swichi, na vipimo vya chaneli ambavyo vimeshachacha kabla hujavitumia.

Amua kwanza: unataka uhakika au kasi?

Antena nyingi zinaweza kukupa faida za aina mbili na sheria ya kuchagua inabadilika kabisa kulingana na unayoitaka.

Faida ya kwanza ni uhakika. Mawimbi yanafika kwa njia nyingi, yanagonga kuta, magari, ardhi, na yakikutana kwenye antena wakati mwingine yanaongezana na wakati mwingine yanauana, ndo unasikia chaneli imefifia. Antena ya pili iliyokaa sentimita chache pembeni inaona hali nyingine. Sasa angalia namba, tukichukua chaneli ya Rayleigh (mfano wa kihesabu wa mawimbi yanayofika kwa njia nyingi bila njia moja kutawala) na antena zisizotegemeana: uwezekano wa antena moja kushuka desibeli 10 chini ya wastani wake ni kama asilimia 9.5. Ukiwa na antena mbili ukachukua iliyo bora, uwezekano unashuka hadi kama asilimia 0.9. Ukiwa na nne ukachukua moja tu iliyo bora, unabaki na kama mara 8 kati ya 100,000. Na hapo bado una cheni moja tu ya redio! Hii ndo sababu mimi naupenda huu mbinu kuliko nyingi zilizo ngumu zaidi, kwasababu kasi ya kushuka kwa makosa kadiri SNR (nguvu ya signali ukilinganisha na kelele) inavyopanda inabaki ileile kama vile ungekuwa unatumia antena zote kwa pamoja. Unachopoteza ni nguvu ya wastani tu, ambayo tutaihesabu sasa hivi.

Faida ya pili ni kasi, yaani kutuma mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale. Foschini wa Bell Labs mwaka 1996, na Telatar karibu na kipindi hicho hicho, walionyesha kwamba uwezo wa chaneli unaweza kukua kwa kufuata idadi ya antena ya upande wenye chache. Hapa unahitaji cheni zisizopungua idadi ya mikondo unayotaka, na antena unazochagua lazima ziwe zinaona mambo tofauti, kuwa na nguvu peke yake haitoshi. Hilo nitalirudia kwa mfano mana ndo linaangusha watu wengi.

Hesabu antena ngapi kwa cheni ngapi

Kwa upande wa uhakika hesabu ni rahisi kuliko inavyoonekana. Ukiwa na antena N kwenye chaneli ya Rayleigh ukachagua moja bora, wastani wa SNR unazidishwa kwa 1 + 1/2 + 1/3 mpaka 1/N. Antena nne zinakupa 2.08, sawa na desibeli 3.2. Ukizitumia zote nne kwa kuzijumlisha kwa uzani (yenye nguvu inapewa uzito zaidi) ungepata mara 4, desibeli 6. Kwa hiyo cheni moja badala ya nne imekugharimu desibeli 2.8.

Ukichagua L kati ya N na kuzijumlisha kwa uzani, wastani unazidishwa kwa L mara 1 + 1/(L+1) mpaka 1/N. Cheni mbili kwa antena nne: 2 mara 1 + 1/3 + 1/4, jibu ni 3.17, desibeli 5. Yaani umeondoa nusu ya cheni na umepoteza desibeli moja tu. Cheni mbili kwa antena nane ni 4.44, desibeli 6.5, wakati cheni mbili zenye antena mbili zisizo na chaguo lolote zingekupa desibeli 3. Kwahiyo antena sita za ziada na swichi vimekuletea desibeli 3.5.

Sasa ukipata tamaa ukaenda antena kumi na sita kwa cheni zilezile mbili, unaongeza kama desibeli 1.1 tu, wakati kazi ya kuzipima imekuwa mara mbili. Kila antena mpya inachangia kipande kidogo kuliko iliyotangulia. Mimi kwa maoni yangu antena mara mbili hadi mara nne ya idadi ya cheni ndo eneo lenye faida, zaidi ya hapo uwe na sababu maalum, kwa mfano kifaa kinachoshikwa mkononi ambapo kidole kinaweza kufunika antena nzima na lazima uwe na mbadala upande mwingine.

Mahali pa kuziweka

Namba zote za hapo juu zinadai antena ziwe hazitegemeani. Kama zinapanda na kushuka pamoja hakuna cha kuchagua, umeweka swichi bure. Kwenye mazingira ambayo mawimbi yanatoka pande zote, kama ndani ya jengo, nusu ya urefu wa wimbi inatosha. Kwa 2.4 GHz urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, basi weka kama sentimita 6. Kwa 5 GHz weka sentimita 3. Juu ya mnara ambako mawimbi yanakuja kutoka pembe nyembamba unahitaji umbali mkubwa zaidi, mara kadhaa ya urefu wa wimbi mpaka kumi na zaidi.

Nafasi ikiwa finyu geuza antena: moja wima, nyingine mlalo, polaraizesheni mbili tofauti zinakupa tofauti ya chaneli hata zikiwa zimekaa karibu. Kabla hujaenda mbele fanya kipimo kidogo, rekodi nguvu ya kila antena huku unakisogeza kifaa polepole kwa mita moja au mbili, chora grafu zote kwenye ukurasa mmoja, na uangalie mashimo. Mashimo yakiangukia sehemu moja kwa antena zote, rudi kwenye bodi upange upya. Usiguse algorithimu bado.

Sheria ya kuchagua, na kwa nini nguvu peke yake inadanganya

Kama unatafuta uhakika na mkondo ni mmoja, chukua antena zenye nguvu kubwa, umemaliza. Kwa mikondo miwili na kuendelea twende polepole na mfano ambao unaweza kuuhesabu kwa mkono.

Chukua transmita yenye antena mbili, risiva yenye antena tatu na cheni mbili. Chaneli tuzifanye namba za kawaida ili isichoshe. Antena 1 inaona 2 na 2, namba moja kwa kila antena ya kurusha. Antena 2 inaona 2 na 1.8. Antena 3 inaona 1 na −1. Nguvu zake ni jumla ya miraba: 8, 7.24 na 2. Mtu anayechagua kwa nguvu anachukua 1 na 2 bila kufikiri mara mbili, mana ya tatu ni dhaifu sana.

Sasa hesabu uwezo wa chaneli, ambao ni log2 ya determinanti ya I + (ρ/Nt)·H·H*, ambapo I ni matriksi yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingine, H ni matriksi ya chaneli (safu mlalo moja kwa kila antena uliyochagua), ρ ni SNR, Nt ni idadi ya antena za kurusha na H* ni H iliyopinduliwa na kufanyiwa konjugeti. Weka SNR ya desibeli 10, ρ/Nt inakuwa 5. Antena 1 na 2: determinanti inatoka 81.2, uwezo biti 6.34 kwa sekunde kwa kila Hz. Antena 1 na 3: determinanti 451, uwezo biti 8.82. Ile antena dhaifu imeshinda kwa karibu biti mbili na nusu! Sababu iko wazi ukiangalia namba zenyewe, antena 1 na 2 zinaona karibu kitu kilekile, kwahiyo risiva haina namna ya kutenganisha mikondo miwili. Antena 3 ina sauti ndogo ila inaona tofauti ya mikondo, na hicho ndo kilichokuwa kinahitajika.

Alafu punguza SNR mpaka desibeli −10, ρ/Nt ni 0.05. Mambo yanageuka: antena 1 na 2 zinatoa biti 0.82, antena 1 na 3 zinatoa 0.62. Kelele ikiwa kubwa hivyo hakuna nafasi ya mikondo miwili, kila tone la nguvu lina thamani, na sheria ya nguvu inarudi kuwa sahihi. Kwahiyo ukiulizwa sheria ipi ni bora jibu ni lazima utaje SNR, bila hiyo jibu halipo.

Kuna kitu kingine hapa ambacho nadhani hakipewi uzito wake. Uwezo wa chaneli unadhani risiva yako ni bora kabisa. Wengi tunatumia risiva rahisi, ya kupindua matriksi, zero-forsingi (inafuta kabisa mwingiliano wa mikondo) au MMSE (inapatanisha mwingiliano na kelele). Kwa zero-forsingi mfano wetu unakuwa mkali zaidi: kwa antena 1 na 3 kila mkondo unapata SNR ya 16, desibeli 12. Kwa antena 1 na 2 mkondo dhaifu unapata 0.1, desibeli −10, yaani haupo. Kama risiva yako ni ya aina hii basi usichague kwa uwezo, chagua kundi ambalo mkondo wake dhaifu kuliko yote una SNR kubwa kuliko makundi mengine. Mkondo dhaifu ndo unaoharibu pakiti.

Namna ya kutafuta kundi bila kumaliza prosesa

Antena nane cheni mbili kuna makundi 28. Jaribu yote, kompyuta ndogo yoyote inaweza, usijisumbue na ujanja. Antena kumi na sita cheni nne ni makundi 1,820, bado inawezekana kama muda upo. Antena 64 cheni nane ni makundi 4,426,165,368 na hapo kujaribu yote ni ndoto.

Njia inayofanya kazi ni kuongeza moja moja. Anza na antena yenye nguvu kubwa. Alafu kwa kila iliyobaki uliza: nikiiongeza hii, uwezo unapanda kiasi gani? Chukua inayopandisha zaidi, rudia mpaka cheni zijae. Kwa 64 na nane hiyo ni maswali 484 tu. Gharavi-Alkhansari na Gershman waliionyesha mwaka 2004, na kabla yao Gorokhov alikuwa na njia ya kinyume chake, unaanza na zote unaondoa isiyo na mchango. Ya kuongeza ni nafuu zaidi pale cheni ni chache kulinganisha na antena, ambayo ndo hali yetu mara nyingi.

Kwenye utekelezaji huhitaji kuhesabu determinanti kila mara. Shika matriksi K ambayo ni kinyume cha I + (ρ/Nt)·H*·H ya antena ulizokwishachagua, mwanzoni K ni I tu. Kwa kila antena iliyobaki yenye safu mlalo h, hesabu h·K·h*, chukua kubwa kuliko zote, sasisha K, endelea. Kwenye mfano wetu baada ya kuchukua antena 1, antena 2 inapata 0.196 na antena 3 inapata 2. Haina ubishi. Ukitaka kuhakikisha programu yako iko sawa weka hizi namba tatu za antena uone kama zinatoka hivyohivyo.

Ukiwa upande wa kurusha ni yaleyale, badala ya safu mlalo unachagua safu wima. Tofauti ni kwamba risiva ndo inayojua chaneli, lazima itume mrejesho. Makundi 28 yanatosha kwenye biti 5, mrejesho mdogo sana ukilinganisha na kutuma matriksi nzima, na hiyo ni faida kubwa ya uchaguzi juu ya mbinu za kuelekeza mawimbi. Kama mfumo unatumia masafa yaleyale kwenda na kurudi unaweza kupima mwenyewe bila mrejesho, ila cheni za kurusha na za kupokea hazifanani, zisawazishe kwanza.

Kupima chaneli: hapa ndo muda unapotea

Una cheni mbili, kwahiyo huwezi kuona antena nane kwa pamoja. Unapima raundi nne, mbili mbili. Na wakati unapima chaneli inabadilika. Swali la kujiuliza ni chaneli inakaa ilivyo kwa muda gani, na kipimo cha haraka ni 0.423 gawanya kwa masafa ya Doppler (mabadiliko ya masafa yanayoletwa na mwendo). Kwa 2.4 GHz mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa ana Doppler ya kama 11 Hz, chaneli inakaa kama milisekunde 38. Gari la kilomita 100 kwa saa lina Doppler ya 222 Hz, chaneli inakaa milisekunde 1.9.

Tuseme raundi moja pamoja na swichi kutulia inakula milisekunde 0.2. Raundi nne ni 0.8. Kwa mtembea kwa miguu umetumia asilimia 2 ya muda wako, safi kabisa. Kwa gari umetumia asilimia 42 na ukimaliza kupima zile antena za raundi ya kwanza zimeshakuwa za zamani. Kwenye mwendo huo usipime zote kila mara. Pima antena moja isiyotumika kwa kila pakiti, zunguka polepole, au chagua kwa wastani wa muda mrefu badala ya hali ya papo hapo. Faida inapungua lakini inakuwepo, kuliko kuchagua kwa habari iliyopitwa na wakati ambapo unaweza kuishia na antena mbaya kuliko ya kubahatisha.

Jambo la kuangalia sana kati ya raundi na raundi ni ukuzaji wa risiva. Ile AGC (sakiti inayorekebisha ukuzaji) ikijibadilisha yenyewe katikati, antena dhaifu itaonekana ina nguvu sawa na nzuri. Ifunge wakati wa kupima, au rekodi thamani yake kila raundi ugawanye. Fezi haina shida hiyo, osileta ikiwa imesogea kidogo kati ya raundi inazungusha safu mlalo nzima kwa pembe moja na determinanti haibadiliki, kwahiyo uchaguzi unabaki uleule. Ila ukishachagua, pima tena upya zile zilizochaguliwa kabla ya kupokea data.

Viwango vya kimataifa vimeshafikiria haya. 802.11n ya mwaka 2009 (kiwango cha Wi-Fi) ina utaratibu wa kutuma pakiti za kupimia antena kwa zamu, na LTE (mtandao wa 4G) tangu toleo la 8 inaruhusu simu ichague antena ya kurushia. Kwenye 5G simu yenye cheni moja ya kurusha na antena nne za kupokea inarusha signali ya kupimia kupitia kila antena kwa zamu, ila hapo lengo ni kituo kijue chaneli ya kushuka, usichanganye na uchaguzi tunaouzungumza.

Swichi

Upotevu wowote kabla ya amplifaya ya kelele ndogo unaongezeka moja kwa moja kwenye kelele ya risiva, desibeli kwa desibeli. Swichi ya njia mbili tuseme inapoteza 0.5. Ukitaka njia nane kwa kuzipanga ngazi tatu, umepoteza 1.5. Ulihesabu faida ya desibeli 3.5 kwenye karatasi, sasa imebaki 2, na bado hujahesabu waya na viunganishi. Suluhisho moja ni kuweka amplifaya kwa kila antena kabla ya swichi, inaongeza gharama kidogo ila bado ni nafuu kuliko cheni nzima.

Suluhisho la pili nalipenda zaidi. Usifanye swichi inayoweza kuunganisha antena yoyote kwenye cheni yoyote. Gawa antena nane kwa makundi mawili ya nne nne, kila cheni ichague bora kwenye kundi lake. Wastani unakuwa 2 mara 2.08, desibeli 6.2, badala ya 6.5. Umepoteza desibeli 0.3 kwenye uchaguzi, lakini swichi ni ngazi mbili badala ya tatu, umerudisha 0.5! Mrejesho nao unakuwa biti 4. Na wakati wa kugawa, antena zinazokaa jirani ziweke kundi moja, kwasababu zinafanana na hutaki zichaguliwe pamoja, kundi litakuzuia lenyewe.

Upande wa kurusha swichi inakaa baada ya amplifaya ya nguvu, kwahiyo upotevu wake ni nguvu inayogeuka joto, na lazima ihimili nguvu hiyo bila kupindisha signali. Zima amplifaya kwanza, badili swichi, ndo uwashe. Kubadili huku nguvu inapita kunaharibu swichi taratibu.

Bendi pana na kubadili kupita kiasi

Kwenye OFDM, ambapo bendi inagawanywa kwenye keria ndogo nyingi, swichi ni moja kwa bendi nzima, huwezi kuchagua antena hii kwa keria ndogo hii na ile kwa nyingine isipokuwa uwe na cheni zote. Kwa hiyo jumlisha uwezo wa keria ndogo zote ndo uchague. Utagundua kwamba bendi ikiwa pana sana na njia ni nyingi, antena zote zinakaribia kuwa na wastani sawa, shimo la huku linafidiwa na kilima cha kule, na faida ya kuchagua inapungua. Kwenye bendi nyembamba kama ya vifaa vidogo vya sensa faida ni kubwa sana. Mimi naona huko ndo mahali pake hasa, kifaa cha betri chenye cheni moja na antena mbili au tatu.

Weka pia kizuizi cha kubadili: usihame mpaka antena mpya iwe bora kwa desibeli moja au mbili, la sivyo swichi itacheza kati ya mbili zinazokaribiana na kila kuhama ni muda wa kutulia na kupima upya. Na usichague kwa RSSI (nguvu yote inayopokelewa) peke yake kama kuna redio nyingine karibu, mana RSSI inahesabu na mwingiliano, unaweza ukachagua kwa furaha antena inayomsikia jirani vizuri kuliko mwenzako. Tumia SINR (signali ukilinganisha na mwingiliano na kelele) iliyopimwa kwenye alama unazozijua.

Jaribu kabla hujaenda kiwandani

Andika simulesheni ndogo kwenye Octave au Python, tengeneza chaneli za Rayleigh laki moja, chagua 2 kati ya 4 uone wastani unafika 3.17, chagua 1 kati ya 4 uone 2.08. Zikitoka hivyo programu iko sawa. Alafu anza kuiharibu kidogokidogo: ongeza uhusiano kati ya antena, ongeza makosa ya vipimo, chelewesha chaneli kwa muda wa raundi zako, toa upotevu wa swichi. Kila hatua andika umebaki na desibeli ngapi. Hapo utaona wazi ni kipi kinakula faida yako, na mara nyingi hakitakuwa algorithimu.

Kwenye kifaa chenyewe linganisha hali mbili mahali palepale: uchaguzi ukiwa unafanya kazi, na swichi ikiwa imefungwa kwenye antena maalum. Rekodi pakiti zilizopotea, siyo wastani wa SNR tu, kwasababu faida ya uhakika inaonekana kwenye zile nyakati mbaya chache na wastani unazificha. Na katika hiyo hali ya swichi kufungwa kumbuka bado upo ule upotevu wa swichi ambao usingekuwepo kama antena ingeunganishwa moja kwa moja. Tofauti ikiwa ndogo kuliko upotevu huo, toa swichi na uunganishe antena mbili moja kwa moja kwenye cheni zako mbili.